Nimeambiwa nitoe baiskeli barabara kuu. Niipeleke wapi?

Mwana wa Jomvu
Jumapili, saa mbili usiku

Assalaam aleikum na habari zenu nyote. Naomba mnisikilize, kisha mnijibu kwa ukweli.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nyumbani ni Jomvu, Mombasa upande wa bara, karakana iko Mwembe Tayari kisiwani, na huu ni mwaka wa sita naenda na kurudi kwa baiskeli. Jumanne iliyopita asubuhi, nikiteremka kuelekea Changamwe, nilisimamishwa na mtu aliyekuwa akielekeza magari penye kazi ya barabara. Hakutazama breki wala taa. Alisema tu, "Hii barabara kuu, baiskeli ipite ndani." Nikamuuliza, ndani wapi, kaka? Akanyoosha mkono upande wa nyumba, akageukia lori lililokuwa likipiga honi.

Kutoka Jomvu naweza kujificha kidogo kwenye vijia vya Mikindani. Nikifika Kibarani, vijia vimekwisha. Kushoto maji, kulia maji, mbele Makupa, njia yetu ya kuingia kisiwani. Hapo lori la kontena, matatu, tuktuk, mkokoteni na mimi sote twapita pamoja, kwa sababu Mombasa ni kisiwa na hakina mlango wa uani. Wa kaskazini ana Daraja la Nyali, wa kusini ana feri ya Likoni. Ukinifungia Makupa hujaniambia nipite kwengine, umeniambia nisiende kazini.

Hilo la kwanza. La pili laniuma zaidi. Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alivunjika mkono hapo hapo Kibarani. Alikuwa akija kinyume, hana taa, magharibi imeshaingia. Tuktuk ikamgonga. Dereva wa tuktuk ndiye aliyembeba mpaka hospitali, akakaa naye mpaka nilipofika, na nilipomsikiliza sikupata la kumlaumu. Tangu siku ile natazama wenzangu njiani. Wengi hawana taa. Wengine wanakuja kinyume usoni pangu. Ijumaa nilimwona kijana ameshika nyuma ya trela, mkono mmoja usukani, mwengine kwenye chuma.

Basi maswali yangu ni mawili. Kuna sheria inayonikataza barabara kuu? Na je, sisi wenyewe tunaodai haki ya barabara, sheria zake tunazifuata?

Nyuma ya Usukani
Jumapili, saa tatu usiku

Pole kwa kijana, Mungu ampe afya. Nitasema ninaloliamini, usichukie.

Mimi naendesha gari Miritini hadi mjini kila siku, na hakuna kinachonitia hofu kama baiskeli usiku. Mwenye baiskeli anakwenda kilomita 15 kwa saa, nyuma yake malori yanayoruhusiwa 80 nje ya mji. Kwa 80, gari linakula mita 22 kwa kila sekunde. Nikikuona ukiwa mita 40 mbele yangu, kabla mguu haujafika kwenye breki nusu ya nafasi imekwisha. Barabara ya kasi si mahali pa baiskeli. Ile Nairobi Expressway ilipofunguliwa 2022, baiskeli, bodaboda na tuktuk zote zilikatazwa kupanda, na sijaona ubaya wake. Hapa kwetu vilevile wangeweka marufuku tukapumua.

Bi wa Kisauni
Jumapili, saa tatu na nusu usiku

Ukapumua wewe, kaka yangu, mimi je?

Alfajiri napita Daraja la Nyali na kapu la mahamri kwenye keria, napeleka kwa wateja wangu wa Digo Road. Nikipanda matatu, kapu lalipiwa kama abiria na faida yote yaishia kwa makanga. Daraja lile limefunguliwa 1980, njia 6 za magari, na kuna wakati mtu anapita karibu nami mpaka baibui linapepea kwa upepo wa gari lake. Nimefungia kinga ya cheni ili nguo isinaswe, nina taa mbele na nyuma, na sipiti kinyume hata siku moja. Sasa niambie, mimi ninayefuata kila kitu, marufuku hiyo inaniadhibu kwa kosa gani?

Kisha hiyo ya Nairobi usiilinganishe. Ile imejengwa juu, na chini yake barabara ya zamani bado ipo. Aliyekatazwa juu anapita chini. Chini ya Daraja la Nyali kuna nini, kaka? Bahari.

Dereva wa Trela
Jumapili, saa nne usiku

Nimesoma, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye lile lori mnalolisema, niacheni niseme kwa kirefu. Nimebeba makontena kutoka bandarini kwenda bara miaka mingi.

Trela lililojaa kihalali linafika tani 56. Halisimami kama gari dogo la probox. Mimi nimekaa kulia, wewe uko kushoto kwangu, na kuna mahali ubavuni hapo kushoto ambapo kioo changu hakifiki kabisa. Ukiwa hapo, kwangu mimi haupo. Kanuni yenu iwe hii: ukiwa huuoni uso wa dereva kwenye kioo, naye hakuoni.

Sasa nendeni nami pale Changamwe. Natoka mjini, nataka kukata kushoto kuelekea Port Reitz. Kichwa cha lori nakipeleka kwanza kulia kidogo, kwa sababu nikikata moja kwa moja magurudumu ya nyuma yatapanda ukingo. Wewe wa baiskeli unaona upande wa kushoto pamefunguka, unasema, "Ah, jamaa ananipa njia," unaingia. Sikukupa njia. Kichwa kikigeuka, trela halifuati mstari wa kichwa, linakatiza kwa ndani, na nafasi ile inajifunga kama mlango. Nimewahi kuiona ikijifunga na mtu ndani, lori la mbele yangu, na mpaka leo nikifika kona ile nasimama kabisa nachungulia.

Kwa hiyo penye kona, kaa NYUMA ya lori. Mwache aende. Sekunde 30 tu.

La kushika nyuma ya trela: sheria inakataza, na dereva anayekuona atakufukuza si kwa roho mbaya. Nikikanyaga breki kwa ajili ya tuta au shimo, wewe huna muda wa kujua. Na nikipiga gia mlimani, lori linaweza kurudi kidogo kabla halijashika.

Kuhusu kukatazwa barabara, mimi sitaki mkatazwe. Nataka niwaone.

Fundi Spoki
Jumapili, saa nne na robo usiku

Dereva, shukrani. Maneno haya yangebandikwa kwenye kila kibanda cha baiskeli.

Mwana wa Jomvu, kuhusu sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, inamtambua mwenye baiskeli na inampa masharti: breki zinazoshika, kengele, taa nyeupe mbele usiku, kitu chekundu cha kuonekana nyuma. Sheria isingempangia masharti mtu ambaye haruhusiwi kuwepo. Akikwambia mtu barabara hii baiskeli marufuku, mwambie akuonyeshe kibao. Kikiwepo, kitii. Kisipokuwepo, kaa kushoto uende zako.

Ila masharti hayo niliyoyataja, mimi nawaona wanaokuja kibandani. Baiskeli imepakwa rangi, ina maua ya plastiki kwenye usukani, breki ya nyuma haipo kabisa. Anasimama kwa kuburuta kandambili! Unamwambia tuifunge breki, anasema wiki ijayo. Na wenye taa ya dainamo, inayopata umeme gurudumu likizunguka, nao wanasahau jambo moja, ikisimama baiskeli na taa inazimika. Umesimama katikati ya barabara ukingoja kuvuka, giza tupu, na ndipo unapohitaji kuonekana kuliko wakati wowote.

Nyuma ya Usukani
Jumapili, saa nne na nusu usiku

Bi wa Kisauni, hilo la bahari umenipata. Nakubali Makupa na Nyali hakuna pengine pa kupita. Lakini basi wasio na taa wakamatwe na baiskeli zichukuliwe. Hilo nalo mtalipinga?

Bi wa Kisauni
Jumapili, saa tano kasoro

Nitalipinga. Ukichukua gari la mtu, atapanda matatu. Ukichukua baiskeli ya muuza madafu, umechukua duka lake, na pesa za kuikomboa ndizo zingenunua taa. Msimamishe, mwambie hasogei usiku mpaka aweke taa, asukume kwa miguu mpaka kwake. Hiyo inatosha kumkumbusha.

Mzaliwa wa Majengo
Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi

Salaam kutoka California, huku bado ni Jumapili jioni. Nimesoma uzi huu na chai yangu imepoa.

Watu hudhani Marekani baiskeli hazipandi barabara zile kubwa kabisa zisizo na makutano wala taa, wanazoziita friwei. Si kweli kila mahali. Hapa California baiskeli inaruhusiwa kwenye friwei isipokuwa penye kibao cha kuikataza. Mijini vibao vimejaa, kwa hiyo kwa vitendo ni marufuku. Lakini kuna vipande vya mbali ambavyo havina barabara nyengine, na hapo wanakuacha upite pembeni. Mimi mwenyewe nimepita kipande cha I-5 kaskazini ya Oceanside, panapopakana na kambi ya wanamaji ya Camp Pendleton. Uingereza ni tofauti, huko motawei, yaani friwei zao, tangu ya kwanza ilipofunguliwa 1958 si mahali pa baiskeli, basi.

Hivyo anachosema Bi wa Kisauni ndicho wanachokifuata huku kwa sehemu kubwa. Marufuku huja pale penye njia nyengine ya kufika.

Ila nisiwadanganye kwamba ni raha. Pembeni pale ni papana, karibu sawa na njia nzima ya gari, na bado nilikuwa nimekaza meno. Pamejaa vyuma vyembamba vya matairi ya malori yaliyopasuka, nilipata pancha mbili. Na hatari kubwa si kule mbele palipo pweke, ni pale magari yanapotoka na kuingia. Unakwenda moja kwa moja, gari la nyuma yako linataka kutoka kushika njia ya pembeni kwa kasi ileile, na wewe uko katikati yake na njia yake. Pale unasimama, unatazama nyuma, ukiona pameachana unakatiza haraka. Yale makutano mapya ya Changamwe na Miritini naona yanajengwa kwa mtindo huo huo, kwa hiyo jifunzeni mapema.

Ticha Likoni
Jumatatu, saa moja asubuhi

Niko kwenye foleni ya feri naandika, mnisamehe makosa. Nataka kulijibu la kupita kinyume, kwa sababu wanafunzi wangu wanalifanya na wanalitetea kwa nguvu: "Mwalimu, nikikabili gari naliona."

Nimechunguza linatoka wapi. Tuliwafundisha sisi wenyewe! Mwenda kwa miguu, pasipo na njia ya miguu, hufundishwa atembee kulia akikabili magari. Ni kanuni sahihi kwa anayetembea, maana anaweza kuruka pembeni kwa hatua moja. Mtoto akipewa baiskeli anaichukua kanuni ya miguu anaipeleka kwenye magurudumu. Baiskeli hairuki pembeni.

Nikawafanyia hesabu ubaoni. Gari linakwenda 50, wewe 15. Mkiwa mnakwenda upande mmoja, linakukaribia kwa tofauti, yaani 35. Ukija kinyume, kasi zinajumlishwa, 65. Akikuona mkiwa mita 50, upande wa sawa ana sekunde 5 za kufikiri, kupunguza, kukuzunguka. Kinyume hana hata 3. Na upande wa sawa anaweza kukufuata polepole nyuma mpaka papatikane nafasi. Ukiwa kinyume hakuna kufuatana, mmoja lazima atoke.

Kisha kuna magari yanayotoka barabara ndogo. Dereva anayekata kushoto kuingia barabara kuu hutazama kulia, kwa kuwa magari yanatoka kulia. Wewe unayekuja kinyume unatokea kushoto kwake, ambako shingo yake haijageuka. Darasa lilinyamaza. Mmoja akasema, ndivyo alivyogongwa kaka yake Mtongwe.

Feri imefika. Hapa tunashuka sote tunasukuma, hakuna anayelalamika.

Mwana wa Jomvu
Jumatatu, saa saba mchana

Ticha, nimemsomea mpwa wangu hesabu yako. Alisema hilo hilo neno la wanafunzi wako, kwamba alikuwa anayaona magari. Aliiona tuktuk. Anasema aliiona kabisa, akadhani nayo imemwona.

Tuktuk ilikuwa na taa. Yeye hakuwa nayo. Ndiyo tofauti yenyewe.

Kijana wa Bamburi
Jumatatu, saa tisa alasiri

Sisi huwa tunaendesha Jumapili asubuhi kwa mazoezi, kundi la watu kumi hivi, Bamburi mpaka Mtwapa, na siku nyengine tunakwenda Dongo Kundu tangu ile barabara ya kuzunguka iungane na upande wa Kwale. Lile daraja la Mteza lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, upepo wa ubavuni unakusukuma utadhani mtu amekushika bega. Kule kuna njia mbadala kweli, unaweza kupita mjini na feri. Je, kwa hoja ya Bi wa Kisauni, sisi wa mazoezi tukatazwe kule?

Nauliza kwa dhati. Pia tunapigiwa honi tukienda wawili wawili. Mimi naona wawili wawili ni salama, kundi linakuwa fupi na gari linatupita upesi.

Dereva wa Trela
Jumatatu, saa kumi na mbili jioni

Kijana, Jumapili alfajiri barabara ikiwa tupu, wawili wawili sina neno. Likitokea lori nyuma, fuateni mmoja mmoja. Dongo Kundu malori yanakimbia kwa sababu hakuna msongamano, na trela likikupita kwa kasi kuna mambo mawili: kwanza upepo unakusukuma nje, kisha mkia wa trela ukipita unakuvuta ndani. Asiyeyajua hayo anayumba upande wa magurudumu. Na mkiwa juu ya daraja la Mteza kwenye ule upepo wa ubavuni, vyote vinakutana.

Kukatazwa sisemi. Mtu kuendesha kwa afya yake ni haki yake kama mimi kuendesha kwa mshahara. Lakini mwenye hiari achague saa. Anayekwenda kazini hana hiari ya saa.

Mama Saba Saba
Jumatatu, saa moja usiku

Mmesahau waenda kwa miguu. Baiskeli zinaogopa malori zinapanda njia yetu ya miguu, na bodaboda nazo zinafuata. Mimi na mjukuu tumetupwa mtaroni na baiskeli ya mikate, kengele haikulia. Kule walikojenga upya njia za pembeni, wauza mitumba na viazi karai wameshatandaza. Siwalaumu kutafuta riziki, lakini mwenye baiskeli akikuta meza anarudi barabarani ghafla bila kutazama nyuma. Mkiambiana habari ya malori, ambianeni na hili.

Na Ramadhani ile nusu saa kabla ya adhana ya magharibi, kila mtu anakimbilia futari. Wenye magari, wenye baiskeli, wote. Mimi saa hiyo sivuki barabara tena, nangoja.

Nyuma ya Usukani
Jumatatu, saa mbili usiku

Mama, pole sana. Nami nikiri jambo. Leo asubuhi nimepita Makupa nikajaribu kumpa mwenye baiskeli nafasi ya mkono mzima kabla sijampita. Ilinibidi ningoje nyuma yake mpaka njia ya pili iwe tupu. Nilidhani nitachelewa sana. Matatu ya nyuma ilinitukana, nikafika Saba Saba nikaikuta imesimama kwenye foleni ile ile, mbele yangu gari moja.

Bado naamini tungejengewa njia ya baiskeli iliyotengwa kwa ukuta Makupa na Nyali, sio mstari wa rangi. Rangi haizuii trela. Kwa hilo nitatia sahihi popote.

Fundi Spoki
Jumatatu, saa mbili na nusu usiku

Na mimi nitatia. Ila mpaka huo ukuta ujengwe, kesho asubuhi watu watapita. Aliye karibu na Changamwe alete baiskeli kibandani Jumamosi, kukaza breki sitoi bei, mleteni tu waya ikiwa umekatika.

Mwana wa Jomvu
Jumatatu, saa tatu usiku

Nawashukuru mmoja mmoja. Nimeamua hivi. Makupa nitaendelea kupita, kushoto, kwa sababu ndiyo njia iliyopo. Raundabauti ya Changamwe nikikuta malori yanakata kwenda Port Reitz, nitashuka nisukume kama kwenye feri. Na mtu yule wa kuelekeza magari nikimkuta tena nitamuuliza kibao kiko wapi, kwa adabu ile ile.

Mpwa anafunguliwa plasta wiki ijayo na ameanza kuulizia baiskeli. Mama yake hataki kusikia. Nimemwambia dada, haipandi kabla sijaona taa mbili na breki mbili. Yeye mwenyewe ameniuliza, taa ya nyuma iwe ya aina gani, maana ile ya dainamo Fundi amesema inazimika ukisimama. Fundi, ya betri unayo?

Fundi Spoki
Jumatatu, saa tatu na dakika tano usiku

Ninayo, nyekundu, inawaka hata umesimama. Njooni naye Jumamosi kabla ya adhuhuri, aifunge mwenyewe kwa mkono wake mzima, mimi nitamshikia baiskeli.